Sukari haiyeyuki chaini: Kosa dogo la kitenzi, hasara kubwa kisimani

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa Tuala kumjulia hali dada yangu. Kwa asiyepajua, Tuala ni mji mdogo wa Kaunti ya Kajiado, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kati ya Ongata Rongai na Kitengela. Nyumba huchipuka kila kukicha pale palipokuwa malisho ya ng'ombe, ila mabomba ya maji hayajazifuata. Wengi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo, ama hununua maji kwa mtungi wa lita 20, ama huita lori.

Nilimkuta mpwa wangu wa Gredi ya Saba mezani, akifanya zoezi la Sayansi Jumuishi kuhusu michanganyiko. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini swali lake lilikuja kwa Kiswahili.

"Anko, sukari ikiingia kwa chai tunasema imefanya nini?"

"Imeyeyuka," nikamjibu bila kufikiri.

"Na barafu ikitolewa kwa friji?"

"Imeyeyuka pia."

Akaniangalia kwa mshangao. "Sasa hizo ni kitu moja? Mwalimu alituambia ni vitu mbili tofauti kabisa!"

Nimefunza Kiswahili kwa miaka mingi. Nimesahihisha insha zisizo na idadi, na kila mwanafunzi aliyeandika kwamba chumvi iliyeyuka majini nilimpa alama zake. Siku hiyo mtoto wa miaka 12 alinishika pabaya. Makala haya ni kukiri kosa kwanza, halafu kuhoji jinsi sisi wapenzi wa Kiswahili tulivyoliacha likae miaka yote hii.

Tuanze na sayansi yenyewe, kwa ufupi. Barafu inapogeuka maji, samli inapolainika kikaangoni, nta ya mshumaa inapotiririka, kinachotendeka ni kitu kimoja kubadili hali kwa sababu ya joto. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Ukikirudisha kwenye baridi, kitaganda upya. Huko ndiko kuyeyuka.

Sukari chaini ni habari nyingine. Hapa pana vitu viwili: sukari na maji. Joto husaidia, lakini si lazima. Chumvi huingia hata kwenye maji baridi. Chembe za sukari huachana, kila moja ikazingirwa na maji, zikatapakaa humo hadi jicho lisizione. Sukari haikugeuka maji. Ingali sukari, na gramu zake ni zilezile. Tena maji yana kikomo: lita moja hupokea takriban gramu 360 za chumvi ya kawaida, kisha hukataa nyingine, nayo hubaki chini kama mchanga.

Je, Kiswahili kimekosa kitenzi cha tendo hili la pili? Hasha. Kipo: kumumunyika, kutokana na kumumunya. Mzee kibogoyo humumunya embe. Mtoto humumunya pipi. Wataalamu wa istilahi walikichukua kitenzi hicho cha kinywani wakakipeleka maabarani: kitu kinachomumunyika ni mumunyifu, na maji yaliyokwisha kukipokea ni mmumunyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, zaidi ya miaka 30 iliyopita. Hivyo basi, tusisingizie uhaba wa juhudi.

Nalipenda neno hili kwa sababu picha yake ni sahihi. Pipi ikiisha mdomoni, hakuna anayesema imepotea. Mate yamekuwa matamu, na utamu ni ushahidi kwamba pipi ingalipo, ila sasa imo ndani ya mate. Kitenzi chenyewe kinakufundisha kwamba kilichotoweka machoni hakijatoweka duniani.

Linganisha na kuyeyuka. Katika matumizi ya kila siku, hasa hapa Kenya, kitenzi hiki kina maana ya tatu: kutoweka. Mshukiwa aliyeyuka gizani. Pesa za mradi zimeyeyuka. Rafiki uliyemkopesha ameyeyuka, hata simu hashiki. Kwa hivyo tunapomwambia mtoto kwamba chumvi imeyeyuka majini, tunampa fumbo lenye jibu baya ndani yake: chumvi imekwenda zake. Hili ndilo lililonitia wasiwasi Tuala, na si kwa sababu ya mtihani.

Mpwa wangu anapocheka huziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yana mistari na madoa ya kahawia. Daktari wa meno aliwaambia kwamba ni floridi iliyozidi kwenye maji aliyokunywa akiwa mdogo. Jambo hili si geni. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na maeneo yanayolizunguka, Kajiado ikiwemo, huachilia floridi kwenye maji ya chini ya ardhi, ingawa si kila kisima kina kiwango sawa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbika ndani ya ufizi, madoa huwa ya kudumu. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Mpwa wangu ana mdogo wake wa miaka 3, ambaye meno yake ya ukubwani bado hayajaota. Nikamuuliza dada yangu wanayafanyia nini maji ya mtoto.

"Kakangu, hapo usijali," akanijibu. "Siku hizi naacha yatulie kwa ndoo usiku kucha, asubuhi nayachuja na kitambaa, halafu nachemsha kabisa. Ukiangalia kwa glasi hakuna kitu. Ni safi."

Mwanamke huyu si mzembe. Amefanya matatu yote aliyofundishwa, tena kila siku. Isitoshe, matatu hayo yana faida: kutuamisha na kuchuja huondoa tope, na kuchemsha huua vijidudu vya maradhi. Lakini hakuna hata moja linalogusa floridi. Kitambaa hakiwezi kuikamata, kwa kuwa imemumunyika na hupita pamoja na maji. Kuchemsha hakuifukuzi, maji hupungua kwa mvuke, floridi ikabaki palepale, imekolea zaidi kidogo. Hata dawa ya klorini huua vijidudu tu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba swali la mtoto na jibu la mama yake ni jambo moja. Kama kuyeyuka ni kutoweka, basi maji yasiyoonyesha kitu hayana kitu.

Tuitazame lugha kwa makini, maana hapa pana jambo ambalo wanaisimu wetu hawajalizingatia vya kutosha. Kiswahili ni tajiri ajabu wa vitenzi vya kutenganisha vitu. Tunachambua mchele kwa macho na vidole. Tunapepeta kwa ungo, upepo ukapeleka makapi na kuacha nafaka. Tunachekecha unga, chembe ndogo zikapita na kubwa zikabaki. Tunachuja chai na tui. Tunayaacha maji yatuame ili mashapo yazame. Tunaengua malai juu ya maziwa. Kila kitenzi kimebeba sifa inayotumika kutenganisha: rangi, uzito, ukubwa, kuzama au kuelea. Mtoto aliyemsaidia nyanyake jikoni ameshasoma nusu ya somo hilo la Gredi ya Saba kabla ya kufungua kitabu. Tunamwonea tunapomfanya aamini kwamba ni elimu mpya kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, tazama orodha hiyo tena. Vitenzi vyote hivyo vinashughulika na michanganyiko ambayo vitu vyake bado vinaonekana au vinashikika. Hakuna kimojawapo kinachokitoa kitu kilichomumunyika. Kwa kazi hiyo tuna kukeneka, yaani kuyageuza maji kuwa mvuke na kuudaka mvuke huo upoe uwe matone, huku chumvi ikibaki nyuma. Jaribu kukitumia kitenzi hicho katika matatu ya Kitengela uone nani atakuelewa. Watu wanalijua tendo lenyewe, hasa wapishi wa chang'aa. Neno ndilo lililobaki kamusini.

Kwa maneno mengine, Kiswahili chetu cha kila siku kina nguvu pale ambapo uchafu unaonekana na ni hafifu pale usipoonekana. Na katika maji ya Kajiado, hatari iko upande huo wa pili.

Huenda msomaji akadhani kwamba watu wa Kajiado hawana uzoefu wa vitu vilivyomumunyika. Kinyume chake, kaunti hii ina mfano mkubwa kuliko maabara yoyote. Kusini-magharibi mwake liko Ziwa Magadi. Chemchemi za moto huleta maji yaliyomumunya madini ya miamba, ziwa halina mto wa kutokea, jua kali hupeleka maji hewani, na kinachobaki ni tabaka jeupe la magadi. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911 kuyavuna, na reli ikajengwa kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado hadi ziwani. Pwani nako, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni katika Kaunti ya Kilifi hufanya vivyo hivyo kwa maji ya bahari. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu karne na karne. Wote hao wanajua siri moja: maji huenda, kilichomumunyika hubaki.

Basi nikamwambia mpwa wangu alete sufuria ndogo. Tukatia kikombe kimoja cha maji yale yale "safi," yaliyotulia, yakachujwa na kuchemshwa. Tukayaweka kwenye moto mdogo hadi yakakauka. Sufuria ilipopoa, chini palikuwa na ukoko mweupe kama chokaa.

"Kumbe haikuwa imeenda," mtoto akasema.

"Ilikuwa imemumunyika," nikamwambia.

Mama yake akaja, akapitisha kidole, akanyamaza. Nilimweleza wazi kwamba ukoko ule si floridi yote. Kwa sehemu kubwa huwa ni chumvi nyinginezo za maji magumu, zile zinazokataa povu la sabuni na kuziba birika. Sufuria haiwezi kukupimia floridi. Kazi hiyo ni ya maabara. Lakini ilitosha kuthibitisha kwamba glasi isiyoonyesha kitu si glasi isiyo na kitu.

Hapa naomba kuongeza lawama ya pili, kuhusu neno safi. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sifa mbili, si moja. Aliyeandika hivyo alijua kwamba maji yanaweza kuwa safi yasiwe salama. Sisi mtaani tumezifunga zote katika safi, na safi kwetu ni hukumu ya jicho. Tukiongeza hukumu ya ulimi tunasema maji matamu, kinyume cha maji ya chumvi. Hata ulimi hudanganywa, maana floridi kwa viwango hivyo haina ladha. Kisima chenye maji matamu kuliko vyote mtaani kinaweza kuwa ndicho kibaya zaidi kwa meno ya watoto.

Najua nitapingwa, na nimekwisha kuzisikia hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha ni matumizi: watu wamezoea kusema sukari imeyeyuka, na kamusi zetu nyingi hukiruhusu kitenzi hicho. Nakubali. Simtumi askari wa sarufi jikoni kwa mtu. Ukiniambia sukari imeyeyuka, nitakunywa chai na kushukuru. Ninachodai ni kwamba darasani, kwenye vitabu, katika vipindi vya redio vya afya na katika magazeti kama hili, tutofautishe. Neno moja kuwa na maana nyingi si dhambi. Dhambi ni kulitumia mahali ambapo maana moja inaificha nyingine na mtu akaumia.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: istilahi zenyewe ni ngumu kutamka. Hapo nawaunga mkono walalamikaji. Ukishatoka kwenye kumumunyika na mmumunyo, ukaingia kwenye kimumunyishi na umumunyifu, ulimi unajikwaa. Walioziunda walijali sana mfumo wa viambishi, wakasahau kwamba neno lazima lipite mdomoni mwa mtoto wa miaka 12. Kwa maoni yangu, tushike kitenzi na nomino moja, yaliyobaki tuyaeleze kwa maneno ya kawaida. "Maji yanayomumunya" na "chumvi iliyomumunyika" yanatosha kwa shule za msingi na sekondari za chini. Neno likizoeleka, jamaa zake watakuja wenyewe.

Afadhali hata ugumu huo kuliko yale yanayoletwa na tafsiri za kompyuta. Siku hizi utasoma kuhusu "suluhisho la chumvi," kana kwamba maji na chumvi waligombana wakapelekwa kwa mzee wa kijiji. Suluhisho ni la ugomvi au la tatizo. Kilicho ndani ya glasi ni mmumunyo. Tukiendelea kulala, mitambo itatuamulia, na watoto wetu watajifunza Kiswahili kisichojua tofauti kati ya kemia na upatanisho.

Kuna kejeli nyingine. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, ilhali sayansi inafunzwa kwa Kiingereza. Hata Tanzania, ambako sayansi ya shule za msingi za umma imefunzwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, mwanafunzi hubadilishiwa lugha anapoingia sekondari. Matokeo yake ni kwamba mtoto hupasi mtihani kwa lugha moja na kunywa maji kwa lugha nyingine. Mpwa wangu angejibu swali la mwalimu barabara na bado asimwambie mama yake chochote kuhusu ndoo iliyo jikoni, kwa sababu elimu ile haikuwa na neno la kuvuka nalo mlango wa jikoni.

Sidai kwamba kitenzi kitaondoa floridi. Hiyo ni kazi ya vifaa na pesa. Mbinu zipo: makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeyatumia kwa miaka mingi katika vichujio vya nyumbani na vya jamii, mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, na maji ya mvua, ambayo hayakupita kwenye miamba yoyote. Kaskazini mwa Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeshughulikia tatizo hilo hilo. Zinagharimu, na dada yangu si tajiri.

Lakini mtu hawezi kudai asichoweza kukitaja. Jioni ile muuzaji maji alipokuja, nilimsikia dada yangu langoni. Kwa kawaida humuuliza, "Maji ni safi?" na jibu huwa ndiyo, maana kwa macho ni safi kweli. Safari hii aliuliza swali jingine: "Hii maji mmepimisha? Ndani imemumunya nini?"

Muuzaji alibabaika, akasema atamuuliza mwenye kisima. Hakuwa na jibu, na huenda asirudi nalo. Ila dada yangu ameagiza tangi la kukingia mvua, dogo, la kumtosha yule mtoto wa miaka 3. Nami nimerudi Nairobi na kalamu yangu nyekundu. Mwanafunzi atakayeniandikia tena kwamba chumvi iliyeyuka majini sitampokonya alama, kwani kosa nilimfunza mimi. Nitapiga mstari chini ya neno hilo na kumwandikia pembeni: imemumunyika, ingalipo.